Nyumba Isiyo na Ukuta wa Uani

Tarehe 3 Julai

Daftari la daktari naandika kwa Kiingereza: Bibi amekula nini, amemeza dawa gani, amesahau nini. Hili ni langu. Humu nitasema ninavyotaka.

Leo limeletwa boksi kubwa. Ndani mna mbao nyembamba zenye vipande vya kubanduliwa, karatasi za ukutani, vigae vya paa mamia, chupa ya gundi na kitabu. Juu ya kifuniko kuna picha: nyumba ya Waingereza wa zamani, ghorofa tatu, dohani mbili, veranda yenye nakshi. Nyumba ya wanasesere, ya kuunda mwenyewe. Na mwenye kuiunda si mtoto, ni Bibi Thuweiba, miaka sabini na sita, ninayemtunza mwaka wa sita sasa hapa Al Twar, Dubai.

Sababu ni sufuria ya maziwa. Mwezi wa tano Bibi aliisahau jikoni, nyumba ikajaa moshi mpaka jirani akaja kugonga. Binti yake, Madam Raya, akampeleka kwa Daktari Raed. Daktari akasema apewe kazi ya mikono yenye hatua za kufuata, na tarehe 24 Septemba atampima kumbukumbu. Lingine Madam kaongeza mwenyewe: kila Alhamisi atapiga picha ya nyumba ailinganishe na kitabu. Mama akiweza kufuata, anabaki. Akishindwa, anahamia Muscat kwa kaka yake Madam, kwenye wauguzi wa zamu.

Bibi hataki Muscat. Anasema kule hata maji ya kunywa wanamshikia glasi. Na akienda, visa yangu inafutwa, narudi Songea. Sitadanganya humu: nilijifikiria mimi kwanza, Bibi nikamfikiria baadaye.

Bibi aliitazama picha akaona kila chumba kina meko ya kuotea moto. Akauliza huyo mwenye nyumba ataota moto Dubai ana homa gani.

Tarehe 4 Julai

Tumebandua vipande. Vidole vinauma.

Tarehe 8 Julai

Msasa siku nzima. Mimi napiga juu juu nimalize, Bibi anapitisha kidole pembeni ananirudishia kipande. Alizaliwa Unguja, akaondoka msichana wa miaka kumi na mitano, lakini Kiswahili hakijamtoka. Changu anakicheka. Leo kaniambia, "Weye Kiswahili chako kina maganda ya mahindi." Nikamjibu mahindi ndiyo yaliyonilea na yeye namnyanyua kitandani kwa nguvu za mahindi hayo hayo. Alicheka mpaka msasa ukamdondoka.

Tarehe 16 Julai

Leo nimefanya jambo.

Kitabu, ukurasa wa kumi na moja, kinasema ngazi inaanzia ukumbini, inatazama mlango wa mbele. Bibi akaichukua akaigandisha nyuma, upande wa jikoni. Nikamwonyesha picha kwa kidole. Akasema kashaiona. Nikamwonyesha tena. Akaniambia niondoe kidole changu kwenye gundi yake.

Kesho Alhamisi. Madam akiiona ngazi jikoni atasema haya, mama hajui tena juu wala chini.

Bibi hulala kila siku baada ya chakula cha mchana, saa nane hadi saa kumi. Alipolala gundi ilikuwa bado mbichi. Nikaing'oa ngazi kwa kisu cha siagi, nikaipeleka mbele kitabu kinavyotaka, nikabana na vibanio vya nguo. Dakika ishirini tu. Nani kaumia?

Tarehe 17 Julai

Madam kaja kutoka ofisini kwake kule Freezone hata viatu hajavua, akapiga picha, akalinganisha, akambusu mama yake kichwani. Bibi aliitazama ngazi muda mrefu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na sinia. Aliomba chai.

Tarehe 23 Julai

Bibi kabandika karatasi nyeupe nusu ya chini ya madirisha ya vyumba vya kulala. Ati nini, sijui. Alipolala nikabandua kwa kitambaa chenye maji. Mlango wa sebule nao alikuwa kaugeuza, ukifunguka unaziba badala ya kuonyesha. Nimeugeuza.

Maskini Bibi wa watu. Mtu aliyenifundisha kukunja sambusa pembe tatu sawasawa, leo dirisha halijui.

Tarehe 30 Julai

Joto digrii arobaini na saba. Gundi inakauka kabla kipande hakijafika. Vigae mia moja na kumi na viwili.

Tarehe 6 Agosti

Nyumba hizi hazina ukuta wa nyuma. Ndivyo zinavyotengenezwa, mtu aweze kuingiza mkono apange viti na vitanda. Nilijua toka siku ya kwanza, Bibi naye nilidhani kajua. Leo asubuhi kaigeuza ili apake rangi, akaniita.

"Yuliana, ukuta wa uani uko wapi?"

Nikamweleza haupo. Akasema nitafute vizuri kwenye boksi. Nikamwambia Bibi, haupo, ndiyo mtindo wake. Baadaye nasikia mkasi. Kachukua boksi la maji ya kunywa, kapima kwa uzi, kakata vizuri kabisa, kagandisha. Nyumba nzima imezibwa nyuma, vyumba vyote giza, mkono hauingii. Nikajisemea hapa tumefika mwisho, hata kipofu ataona kwamba hii si nyumba ya wanasesere tena, ni kabati.

Alipolala nikautoa. Vipande nikavipeleka mpaka kwenye pipa la taka nje, juani, bila hata kuvaa viatu sawasawa.

Saa kumi kaamka. Kakaa mbele ya nyumba. Kaitazama nyuma, kaitazama mbele, kainama chini ya meza. Halafu akauliza taratibu, "Asubuhi nilikata boksi, sikukata?"

Nikasema, "Boksi gani, Bibi?"

Naandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kuandika. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata. Bibi akaitazama mikono yake, huku na huku. Akasema basi labda aliota.

Tarehe 7 Agosti

Picha nzuri. Madam kafurahi. Mimi chakula nikakirudisha sufuriani.

Tarehe 14 Agosti

Bibi amebadilika. Habishi tena. Nikiweka chumvi nyingi anakula, nikitamka vibaya hanicheki. Kajifunga uzi kidoleni, nikauliza wa nini, akasema wa kukumbuka. Ananiuliza leo siku gani, halafu anahakikisha kwenye televisheni. Sala yake imekuwa ndefu, anarudia rakaa kwa kuhofia kaisahau. Asubuhi nikiingia chumbani namkuta macho kafumba lakini midomo inakwenda.

Ugonjwa unakimbia, mimi ndiye ninayeufunika. Ndivyo nilivyojiambia. Nikaona nimebeba mzigo mzito kwa ajili yake, na hata nikajihurumia.

Tarehe 19 Agosti

Unyevu mbaya, vioo vinatoka jasho nje. Bibi kala vijiko vitatu.

Tarehe 24 Agosti

Baada ya misa nilikaa na Gervas tukisubiri basi. Gervas ni wa kwetu Songea, anapanga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, mtu wa maneno machache. Nikamwaga yote: ngazi, madirisha, boksi. Kwa kweli nilitaka anisifu.

Akafikiri weee, basi likaja likaondoka. Kisha akasema, "Kama alikuwa amesahau boksi, mbona aliuliza habari za boksi?"

Nikamwambia yeye si daktari. Akakubali, si daktari, yeye ni wa maboksi. Nilimkasirikia njia nzima mpaka Al Twar, na niliposhuka nilikuwa bado sijapata jibu.

Tarehe 27 Agosti

Leo sikuigusa nyumba. Bibi naye hakuigusa. Tumeizunguka wote wawili tukiwa na vitambaa vya kufutia vumbi.

Tarehe 2 Septemba

Niandike polepole.

Asubuhi mezani Bibi alimwambia Madam kwamba Muscat atakwenda, tena mapema, hakuna haja ya kungoja kipimo. Alilisema kama mtu anayeagiza mkate. Madam aliuliza kwa nini, akajibiwa ndiyo kheri. Madam akatoka bila kumaliza chai. Nilimwona dirishani, kakaa ndani ya gari na uso kaufunika kwa viganja, gari haijaondoka. Saa nne akatuma ujumbe: tiketi ya Bibi, tarehe 12.

Nikashika ufagio nisiwe bure. Bibi akaniita chumbani. Kitandani alikuwa na kijitabu kidogo cha jalada la kijani, kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili. Akaniambia nichukue kalamu. Yeye atasoma, mimi niandike kwa herufi zetu, ili Raya na wale wauguzi wa Muscat wajue ugonjwa ulianzaje na unakwendaje. Alisema hataki kuwasumbua watu kwa kubahatisha.

Nikakaa. Akasoma.

"Jumatano. Nimeweka ngazi nyuma, wageni wasipite mbele ya wanawake. Alhamisi. Ngazi iko mbele. Sikumbuki kuihamisha."

Niliandika hilo. Naapa niliandika, mkono ulikwenda wenyewe.

"Nimeziba madirisha ya kulalia. Jioni hayana kitu. Sikumbuki kuyabandua."

Nikaacha kuandika. Hakuona, alikuwa anatafuta ukurasa.

"Nimekata boksi, nimefunga uani. Yuliana asema hapakuwa na boksi. Yuliana hasemi uongo."

Kalamu ikaanguka. Nilipiga magoti kando ya kitanda na kumwambia ni mimi, Bibi. Ngazi ni mimi, madirisha mimi, mlango mimi, boksi nililitupa kwenye pipa kwa mkono huu. Kila ulipolala. Wewe hukusahau kitu. Nilifikiri umekosea, nikarekebisha ili usipelekwe Muscat, na mimi nisirudishwe kwetu.

Hakunielewa mara ya kwanza. Akaniambia niseme tena. Nikasema tena. Akaanza kuuliza moja moja: na ngazi? Mimi. Na karatasi za madirishani? Mimi. Na vigae viwili vyekundu? Hivyo siyo, hivyo vilianguka vyenyewe, nikavikuta chini ya kochi. Aliuliza mpaka mwisho wa kijitabu, na kila nilipojibu aliweka kidole kwenye mstari.

Kisha akasema, "Kumbe sina wazimu mie."

Akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ya habari ya msiba wa dada yake. Nikamshika miguu. Akanipiga begani kwa kile kijitabu, si kwa mchezo.

"Unajua kila asubuhi nafanya nini? Kabla sijafumbua macho nataja majina ya wanangu. Nikimaliza wao nataja lako. Nikilipata ndipo naamka. Mwezi na nusu, Yuliana."

Nilisema nisamehe, na lilikuwa neno dogo. Nikamuuliza kwa nini hakunieleza sababu za ngazi na madirisha. Akashangaa kabisa. Akasema kwani kuna mtu haelewi? Nyumba ngazi ipo mlangoni, mgeni akae sebuleni aone nani anashuka na kanga moja? Vitanda viko uchi, anayepita nyuma anahesabu mito? Hiyo siyo nyumba, haina sitara. Waliotengeneza wamesahau, yeye anawasaidia. Kwao Unguja fundi angeleta nyumba bila ukuta wa uani angeambiwa arudi akaumalizie.

Nikaona aibu mpaka masikioni. Nyumba ya mama yangu Songea ina ua wa matete nyuma, na ukianguka mvua ikipiga hatulali mpaka usimamishwe. Nilijua yote hayo. Nikakiamini kitabu.

Nilitaka tumalizane hapo hapo, tufute tiketi kimya kimya. Bibi akakataa. "Utamwambia Raya weye, kwa mdomo wako. Na toka leo nikikosea niambie usoni. Usinifiche kitu changu mwenyewe."

Tarehe 3 Septemba

Nimemwambia Madam, jana jioni aliporudi, nimesimama sebuleni, Bibi kakaa kwenye kiti chake kama hakimu. Nilieleza mwanzo hadi mwisho. Madam hakupandisha sauti. Aliuliza mara ngapi. Nikasema nne. Akainuka akaenda kuitazama ile nyumba, akakaa huko muda mrefu, akapita mbele yangu kwenda chumbani bila kunitazama.

Leo nimepanga nguo zangu kwenye begi. Afadhali mtu ajipange mwenyewe.

Tarehe 5 Septemba

Siku ya tatu Madam hasemi nami. Ananiachia karatasi mezani: maziwa, sabuni, dawa ya shinikizo la damu.

Bibi, nisije nikamsahau, kala sahani nzima ya wali na kuniambia nazi ilikuwa ya kopo na inajulikana. Uzi wa kidoleni kaukata.

Tarehe 6 Septemba

Madam kaja jikoni nikiosha vyombo. Kasema alikasirika, na bado amekasirika, na nikirudia nitaondoka siku hiyo hiyo. Kisha akavuta kiti akakaa, jambo asilofanya jikoni. Akasema kinachomuuma zaidi ni zile picha. Wiki saba alizitazama akafurahi kwamba mama yake anafuata kitabu. "Mama yangu," akasema, "hajawahi kutii karatasi hata moja maishani. Mimi mwanawe ningejua."

Tiketi kaifuta. Khalas, yameisha, akasema, toa nguo kwenye begi. Sijui nani alimwambia habari za begi.

Lakini kipimo kipo pale pale. Sufuria ya maziwa mwezi wa tano iliungua kweli, na hiyo si mimi niliyeiunguza.

Tarehe 13 Septemba

Ngazi iko nyuma. Madirisha yana karatasi. Gervas kaleta ubao mwembamba wa makreti yaliyovunjika na bawaba mbili ndogo, na ukuta wa uani sasa unafunguka kama mlango, Bibi anaufunga na kuufungua atakavyo. Gervas alikataa soda mara mbili kwa adabu, mara ya tatu akanywa mbili. Bibi alimsifu kazi yake, kisha akamuuliza iwapo huko kwao wote wanazungumza kama Yuliana. Akajibu, kwa bahati mbaya, ndiyo.

Madam kapaka rangi kibaraza. Kapaka na kiwiko chake.

Tarehe 23 Septemba

Kesho. Bibi kalala mapema. Mimi nimepiga pasi baibui yake mara mbili.

Tarehe 24 Septemba

Kwa saa mbili nzima mlango ulifungwa. Mimi na Madam nje, kiti kwa kiti. Alinikuta nashika rozari, hakuniambia nifiche. Yeye midomo yake nayo ilikuwa inakwenda.

Daktari Raed akatuita. Alisema kwa Kiingereza, Madam akanigeuzia kwa Kiswahili ingawa nilikuwa nimeelewa, nadhani alitaka kulisikia mara mbili. Bibi ana usahaulifu wa umri wake. Ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu hana. Dawa moja ya shinikizo ilikuwa kali mno, inamlegeza asubuhi, ataibadilisha. Arudi baada ya mwaka. Akae nyumbani kwake, aendelee na kazi zake.

Kisha daktari akasema kwenye karatasi inaonekana mgonjwa alikuwa na hofu kubwa majira haya ya joto. Akauliza ilitokana na nini. Nikatazama sakafu, vigae vyake vyeupe na mstari wa kijivu.

Bibi akamjibu kwamba nyumbani walikuwa na jini mmoja wa bara. Si mbaya, mjinga tu. Ameshasema nao, ametulia.

Madam alicheka mpaka akatoka nje. Ndani ya gari nilianza kulia mimi, Bibi akanipa leso yake, akaniambia nilie kwa mpango kwa sababu leso ni hiyo moja.

Tarehe 29 Septemba

Joto limepungua, asubuhi tumefungua dirisha. Bibi anagandisha vigae vya mwisho.

Saa nne akaniita. Miwani haionekani. Katafuta kitandani, kwenye kochi, mpaka ndani ya ile nyumba. "Yuliana, umeniwekea wapi?"

Nilisimama pale na kitambaa mkononi. Nilikuwa nimeiona muda si mrefu nilipotoa maziwa, ipo ndani ya friji, juu ya trei ya mayai. Ningeweza kwenda kuitoa na kusema nimeiokota kochini. Ilikuwa rahisi sana.

Nikamwambia, "Sikuigusa, Bibi. Umeiacha mwenyewe kwenye friji, juu ya mayai."

Akanitazama. Mimi nikamtazama, sikupepesa.

"Nimesahau," akasema, kama anavyosema leo ni Jumatatu. "Niletee basi, na yai moja unichemshie."

Nikaileta. Ilikuwa ya baridi, vioo vikaingia ukungu alipoivaa, akaifuta kwa ncha ya kanga na kuendelea na vigae vyake.